MKAA HAUCHOMWI: TUYAJUE YANAYOTENDEKA NDANI YA TANURI

Haya ni mazungumzo yaliyotolewa mbele ya walimu wa sayansi na watumishi wa wilaya.



Nimeombwa nizungumze juu ya namna joto kali linavyovivunja vitu na kuvigeuza kuwa vitu vingine. Katika vitabu vya kemia jambo hili huitwa pirolisisi, neno lililotoka katika Kiyunani, lenye maana ya kutenganisha kwa moto. Ningeweza kuanza na mitambo ya kusafishia mafuta ya nchi za mbali, lakini sioni sababu ya kusafiri hivyo. Kazi hii hufanyika kila siku katika nchi yetu, tena kwa wingi, porini, mahali pasipo jengo wala msimamizi wala daftari la mahudhurio. Nazungumzia tanuri la mkaa.

Naomba kwanza tulitazame neno tunalolitumia. Twasema "kuchoma mkaa", na afanyaye kazi hiyo twamwita mchoma mkaa. Siilaumu lugha, maana imetaja kile ambacho macho huona, yaani moto na moshi. Lakini kwa upande wa kemia, mkaa hauchomwi. Kuni zikichomwa hubaki majivu, na kila mama aliyewahi kupika juu ya mafiga anajua hivyo bila kufundishwa na mtu. Kazi yote ya mchoma mkaa, tangu anapopanga magogo hadi anaposhindilia udongo juu yake, ni kuzuia kuni zake zisiungue. Huwasha moto mdogo ili joto lake lifanye kazi mahali pengine, kisha hutumia siku nyingi, usiku na mchana, kuuzuia moto huo usile kile anachokitafuta. (Twasema pia "kuchoma chokaa", na huko nako hakuna kinachoungua isipokuwa kuni. Jiwe la matumbawe likifikishwa kwenye nyuzi 900 hivi za sentigredi huachia hewa ya ukaa iliyokuwa imefungwa ndani yake, na katika kilo 100 za jiwe safi hubaki kilo 56 za chokaa. Kilwa ya kale ilijengwa kwa kemia hiyo.)

Tofauti ya kuungua na kuvunjika kwa joto ni hewa. Kitu kinapoungua huungana na oksijeni iliyo katika hewa. Oksijeni ikizuiliwa, joto halina cha kuunganisha. Hutikisa tu chembe za kitu kile mpaka viungo vyake vinakatika, na vipande vyepesi vinatoka kama mvuke na gesi huku vizito vikibaki. Katika kuni, kizito kinachobaki ni kaboni. Huo ndio mkaa.

Sasa tuingie ndani ya tanuri. Mti umejengwa hasa kwa vitu vitatu. Kuna selulosi, ambayo ni karibu nusu ya kuni kavu na ndiyo inayofanya nyuzi zake. Kuna hemiselulosi, ndugu yake aliye dhaifu zaidi. Na kuna lignini, inayozigandamanisha nyuzi hizo kama vile udongo unavyoshika fito za ukuta. Moto ukiwashwa, la kwanza kuondoka ni maji. Muda wote maji yanapotoka, joto la gogo halipandi sana kupita nyuzi 100, na moshi unaotoka juu ya tanuri huwa mweupe na mzito, kwa kuwa sehemu yake kubwa ni mvuke tu. Maji yakiisha joto hupanda, na kati ya nyuzi 200 na 300 hemiselulosi huvunjika. Selulosi hufuata, kati ya nyuzi 300 na 400. Lignini haina haraka. Huanza kulegea mapema lakini huendelea kuvunjika polepole hata baada ya wenzake kwisha, nayo ndiyo inayotoa sehemu kubwa ya mkaa.

Hapa pana jambo ambalo walimu wa kemia wangependa wanafunzi wao walione. Mpaka nyuzi 280 hivi, kuni hulazimika kupewa joto. Zikipita hapo, kuvunjika kwenyewe huanza kutoa joto, na tanuri hujiendesha bila kuongezewa moto. Mchoma mkaa mzoefu huitambua saa hiyo kwa rangi na harufu ya moshi. Ule mweupe hugeuka kuwa wa manjano au kijivu, wenye kuwasha macho na kukaba koo. Mwishoni hupungua na kuwa mwembamba wa buluu. Akiuona moshi wa buluu anajua kwamba gesi na lami zimekwisha kutoka, na kwamba sasa kinachoungua ni mkaa wake mwenyewe. Hapo huziba kila tundu na kuliacha tanuri lipoe kwa siku kadhaa. Mtu huyu hana kipimajoto. Anasoma hatua za kemia kwa macho na pua, naye huzisoma vizuri. Nalisema hili kwa sababu katika ofisi zetu mna mazoea ya kumtaja mchoma mkaa kama mharibifu asiyejua kitu.

Walakini yapo mambo ambayo rangi ya moshi haimwambii, na hayo ndiyo yanayotugharimu misitu.

Katika kilo 100 za kuni kavu mna kaboni karibu kilo 50. Hakuna tanuri linaloweza kuitoa yote ikiwa mkaa, kwa sababu sehemu ya kaboni huondoka pamoja na gesi na lami. Tanuri jema hutoa kilo 25 mpaka 30 za mkaa. Tanuri la kawaida la udongo, kama tunavyoliona kandokando ya barabara zetu kuu, hutoa kilo 10 hadi 20, na lililoharakishwa hutoa hata chini ya hapo. Tuchukue gunia la kilo 50. Aliyepata kilo 25 kwa kila kilo 100 za kuni ametumia kuni kilo 200 kulijaza gunia hilo. Aliyepata kilo 10 ametumia kilo 500. Magunia hayo mawili yakisimama pamoja sokoni yanafanana kabisa, na mnunuzi hawezi kujua kwamba nyuma ya moja kuna kilo 300 za miti ambazo hazikumpa mtu joto, wala chakula, wala fedha.

Kwa hesabu ya nishati mambo yanazidi kusikitisha. Kilo moja ya kuni kavu ina nishati ya megajuli 18 hivi, na kilo moja ya mkaa ina 29 hivi. Kwa hiyo kilo 100 za kuni zenye megajuli 1,800, zikitoa kilo 15 za mkaa, zinatuachia megajuli 435. Karibu robo tatu ya nishati ya mti imekwisha kupotea kabla mkaa haujapakiwa kwenye baiskeli.

Inapotea wapi? Nyingine hutoka ndani ya moshi, kwa kuwa moshi wa tanuri ni kuni zilizogeuzwa gesi, nao waweza kuwaka. Nyingine hupotea katika ufa wa udongo usiozibwa, ambako hewa huingia na mkaa kugeuka majivu. Lakini hasara ambayo ni rahisi zaidi kuizuia iko katika maji. Mti uliokatwa leo, karibu nusu ya uzito wake ni maji. Ili kilo moja ya maji itoke katika joto la kawaida na kuwa mvuke, zinahitajika megajuli 2.6 hivi, na ndani ya tanuri hakuna mtu mwingine wa kuzilipa isipokuwa kuni zenyewe. Tena joto hilo hutolewa kwa njia ya ubadhirifu, maana sehemu yake huishia kuupasha udongo na hewa ya nje. Gogo mbichi hula magogo jirani ili likauke. Gogo hilo hilo likiachwa juani kwa majuma kadhaa hukauka bure.

Kwa nini basi mchoma mkaa asingoje hayo majuma? Ndugu zangu, nadhani hapa ndipo penye kiini cha mazungumzo yangu, na jibu lake haliko katika kemia peke yake.

Ameshindwa kungoja kwa sababu mara nyingi hana haki ya kuwa mahali pale. Aliyekata miti bila kibali, au kwa kibali ambacho hana hakika kama kesho kitatambuliwa, hawezi kuyaacha magogo yake yamelala wazi kwa majuma sita. Bwana misitu akipita atayataifisha, na asipopita bwana misitu, atapita mwizi. Kwa hiyo hukata leo, hupanga kesho, na keshokutwa hufukia. Hutumia magogo manene kwa sababu kuyapasua ni kazi ya muda, ingawa joto huchelewa kufika moyoni mwa gogo nene na nje huwa mkaa huku ndani bado ni kuni. Haweki dohani kwa sababu dohani ni bati, bati ni fedha, na akikimbia ataliacha. Hufukua kabla tanuri halijapoa, mkaa unawaka mikononi mwake, naye anamwagia maji na kuupasua vipande. Kila hatua ya haraka hiyo inaongeza idadi ya miti inayohitajika kwa gunia moja. Pirolisisi njema hudai subira, na sisi tumezoea kuisimamia kwa njia zinazoiharamisha subira.

Tulishawahi kupata funzo juu ya jambo hili. Mwezi wa Januari 2006 Serikali ilipiga marufuku biashara ya mkaa. Wakazi wa mijini hawakuwa na kitu kingine cha kupikia, bei ikapanda kwa haraka, na marufuku haikudumu. Nia ilikuwa njema, na hali ya misitu ililazimisha hatua ichukuliwe. Lakini amri inayofunga barabara haimfikii mtu aliye porini akishindilia udongo, ila kwa kumfanya afanye haraka zaidi na kwenda ndani zaidi.

Hata utaratibu wetu wa ushuru una kasoro ya namna hiyo. Tumezoea kutoza kwa gunia au kwa uzito wa mkaa uliokwisha kupatikana. Mwenye kutumia kilo 200 za kuni na mwenye kutumia kilo 500, wakifika kizuizini na gunia moja moja, hulipa sawasawa. Zile kilo 300 zilizopotea hazitozwi na mtu yeyote. Msitu umezilipa. Sidai kwamba ni rahisi kutoza miti iliyosimama badala ya magunia yaliyoshonwa. Kazi hiyo inahitaji mtu aende msituni akahesabu, na kukaa kizuizini ni rahisi zaidi. Nasema tu kwamba mtoza ushuru aliyekaa kizuizini hana njia ya kulijua tanuri, na kwamba ushuru wa namna hii haumpi mchoma mkaa sababu yoyote ya kujifunza kazi yake vizuri zaidi.

Ukubwa wa jambo hili tunaufahamu. Taarifa ya Benki ya Dunia ya mwaka 2009 ilikadiria kwamba nchi yetu ilitumia mkaa tani milioni moja kwa mwaka, na kwamba karibu nusu yake ilikwenda Dar es Salaam. Watafiti walioipima misitu inayouzunguka mji huo walichapisha matokeo yao mwaka 2010. Walionyesha kwamba mwaka 1991 eneo ambalo kazi yake kubwa ilikuwa mkaa lilifika umbali wa kilomita 20 kutoka mjini, na kwamba mwaka 2005 lilikuwa limesogea hadi kilomita 50. Tangu wakati huo magari ya mkaa yamekuwa yakitoka mbali zaidi. Lakini tusimtwishe mkaa makosa yasiyo yake. Mashamba mapya nayo hufyeka sehemu kubwa ya misitu, na miti inayofyekwa kwa ajili ya shamba mara nyingi huchomwa moto pale pale pasipo hata kuwa mkaa.

Kuna wanaosema kwamba tanuri ni jambo la kale, na kwamba dawa ni gesi na umeme. Nakubaliana nao nusu. Mkakati wa Taifa wa nishati safi ya kupikia uliozinduliwa mwezi Mei 2024 unakusudia kwamba ifikapo mwaka 2034 asilimia 80 ya Watanzania wawe wanatumia nishati hiyo, na taasisi zinazopikia watu zaidi ya 100 ziliagizwa kuacha kuni na mkaa ifikapo mwisho wa Januari 2024. Wengi wenu mnafanya kazi katika shule zilizoguswa na agizo hilo, nanyi mnajua gharama ya kubadilisha jiko la shule. Lengo ni zuri. Lakini hata likitimia lote, hao asilimia 20 wanaobaki ni mamilioni ya watu, na kabla ya kufika huko kuna miaka ya kupika chakula kila siku. Miti itakayokatwa katika miaka hiyo haitakuwa michache. Kuwaachia watu wale wale matanuri yale yale, eti kwa sababu kesho hayatahitajika, ni kuitoa sadaka misitu ya leo.

Njia za kuboresha zinajulikana. Katika mkoa wa Casamance, kusini mwa Senegali, liliundwa tanuri ambalo sasa huitwa kwa jina la mkoa huo. Ni tanuri la udongo kama yetu, ila magogo hulala juu ya jukwaa la fito ili hewa ipite chini, matundu ya hewa huwekwa pande zote kwa mpango, na upande mmoja husimamishwa dohani inayoweza kutengenezwa kwa mapipa ya mafuta yaliyounganishwa. Kazi ya dohani ni kuulazimisha moshi wa moto ushuke na kupita katikati ya magogo kabla ya kutoka. Njiani moshi huo hukausha na kupasha kuni ambazo moto haujazifikia, na joto lililokuwa likienda angani hufanya kazi. Hakuna mtambo hapo wala injini. Kuna mapipa, na kuna mtu anayeelewa kwa nini moshi ushuke badala ya kupanda.

Na katika wilaya ya Kilosa, mkoani Morogoro, kuanzia mwaka 2012 vijiji kadhaa vilianza kuchoma mkaa ndani ya misitu yao wenyewe kwa mpango wa matumizi ya ardhi. Msitu uligawanywa katika vipande vya mita 50 kwa 50, vikakatwa kwa kurukaruka kama miraba ya ubao wa drafti, na kila kipande kikapangiwa kupumzika miaka 24 kabla ya kurudiwa. Miti ya miombo huchipua kutoka kwenye visiki, ikiwa havikung'olewa na moto haukupita. Wachomaji walifundishwa kutumia tanuri la udongo lililoboreshwa, na ushuru ukaingia katika mfuko wa kijiji. Yapo mengi ya kujadili juu ya mpango ule, lakini jambo lake kubwa kwangu ni hili: mchoma mkaa alipata mahali pake. Mwenye kipande chake kilichoandikwa katika kitabu cha kijiji anaweza kuacha magogo yakauke. Elimu ya tanuri bora iliwahi kupelekwa kwa watu wasio na haki ya msitu, nayo mara nyingi haikudumu, na wataalamu wakashangaa. Isitoshe, tanuri bora mikononi mwa mtu asiye na mipaka linaweza hata kumfanya apate faida zaidi na kukata zaidi. Tanuri na ardhi lazima viende pamoja.

Niseme kidogo juu ya moshi, maana mataifa mengine yaliutajirikia. Robert Boyle alikwisha kuipata spiriti ya kuni mwaka 1661 kwa kuupoza mvuke wa kuni zilizopashwa joto. Baadaye vilijengwa viwanda Ulaya na Marekani vilivyofungia kuni katika vyombo vya chuma na kukusanya kila kilichotoka: asidi ya siki, spiriti, lami, na gesi ya kuendeshea moto wenyewe. Makaa ya mawe yakatendewa hivyo hivyo. Abraham Darby alianza kuyeyushia chuma kwa makaa ya mawe yaliyookwa, huko Coalbrookdale, Uingereza, mwaka 1709, na mwaka 1812 London ilipata kampuni ya kusambaza gesi ya taa iliyotokana na makaa hayo. Hata hivyo sitawaambia kwamba kila kijiji kijenge kiwanda cha spiriti. Tangu mwaka 1923, Wajerumani walipoanza kuitengeneza spiriti hiyo kwa njia nyingine iliyo rahisi, ile ya kuni haina soko la maana. Katika tanuri dogo, matumizi bora ya moshi ni kukaushia kuni.

Wala tusidhani kwamba maarifa haya ni mageni kwetu. Mwaka 1978 watafiti Peter Schmidt na Donald Avery walichapisha habari za wafua chuma wa Buhaya, magharibi ya Ziwa Viktoria, ambao mabaki ya matanuri yao yana umri wa miaka 1,500 hadi 2,000. Wazee walioikumbuka kazi hiyo waliirudia mbele ya watafiti. Kabla ya kuyeyusha, waliyachoma matete ya bwawani ndani ya shimo la tanuri mpaka yakawa mkaa, na kaboni yake ikasaidia kugeuza mawe yenye chuma kuwa chuma. Ni vema walimu wa historia na wa kemia walisomeshe somo hili kwa pamoja, badala ya kila mmoja kulipita akidhani ni la mwenzake.

Kuna jambo la hatari ambalo sitaki tuachane kabla sijaligusa. Mkaa ukiwaka mahali penye hewa kidogo hutoa kaboni monoksidi, gesi isiyo na rangi wala harufu. Hushikamana na damu kwa nguvu inayoizidi oksijeni zaidi ya mara 200, hata mwili ukakosa hewa huku mtu akipumua kama kawaida. Dalili zake ni kuumwa kichwa, kizunguzungu, kichefuchefu na usingizi, na aliyelala hazijui. Kwa kuwa mkaa hautoi moshi mwingi kama kuni, watu huuamini. Katika mikoa ya baridi, familia huingiza jiko ndani ya chumba, hufunga madirisha, na hulala. Mabweni ya shule nayo hayakosi majaribu hayo. Mkaa ni salama panapopita hewa. Ndani ya chumba kilichofungwa huua bila kelele, na hili halina budi lisemwe mbele ya kila darasa msimu wa baridi unapoingia.

Mwisho naleta ombi kwa walimu, na ombi jingine kwa watumishi wa wilaya. Walimu, somo hili halihitaji maabara. Chukueni kopo la bati lenye kifuniko, mtoboe tundu dogo kifunikoni, na lisizibwe kamwe, maana kopo lisilo na tundu laweza kupasuka. Pimeni vijiti vikavu kwa mizani, mvijaze humo, mkaliweke kopo motoni nje ya darasa, wanafunzi wakisimama mbali. Utatoka mvuke mweupe, kisha moshi mzito. Msogezeeni moshi huo njiti iliyofungwa kwenye fito ndefu, nao utawaka ndimi tunduni. Wanafunzi wataona kwa macho yao kwamba moshi ni kuni. Ndimi zikizimika zenyewe, ondoeni kopo kwa koleo na kuliacha lipoe kabisa kabla ya kulifungua. Pimeni tena. Kisha rudieni kazi hiyo kwa vijiti vibichi vya uzito ule ule, na namba zote mbili ziandikwe ubaoni.

Watumishi wa wilaya, ninyi mnayo madaftari ya vibali. Humo kuna jina la mwombaji, idadi ya magunia na kiasi kilicholipwa. Naomba iongezwe safu moja tu, inayouliza kuni zilikatwa siku gani na tanuri liliwashwa siku gani. Tofauti ya tarehe hizo mbili itawaambia mengi juu ya msitu ule kuliko idadi ya magunia. Na pale mtakapoona kwamba kila mtu katika kijiji fulani amewasha tanuri siku ya tatu baada ya kukata, kabla hamjatuma askari ulizeni kwanza kama watu wa kijiji hicho wana msitu ambao sheria inawatambua kuwa ni wao.